Mwamba wa Bwana Lali

Hodan wa zamu yangu ameniletea daftari la mistari na kalamu nne, akaniambia, "Bi Rukia, andika kila kitu." Kila kitu! Miaka kumi na miwili ya kupokea simu za watu walioharibikiwa baharini, naye anadhani itaingia kwenye daftari la darasa la nne. Lakini goti langu limekataa kupanda ngazi za kile chumba chetu cha Langoni, na ninyi mnaobaki mna tabia ya kutosoma kitu chochote ambacho hakiko kwenye simu. Basi nitaandika, Hodan atapiga picha, na atakayesema hakuona asije kwangu na visingizio.

Kwa wale waliojiunga juzi, na hawajaambiwa lolote isipokuwa mahali pa kupata chai: laini yetu ni ya kujitolea. Watu wanaosafirishwa kwa boti kutoka kaskazini hupita nje ya visiwa vyetu kwenda kusini kutafuta maisha. Boti ikifa mashine, au nahodha akiwatoroka, hupiga namba yetu. Sisi hatuna boti. Tuna simu mbili, ramani na ulimi. Tunatafuta kujua wako wapi, tunawapigia wenye boti, tunawasumbua mpaka waondoke gatini, kisha tunawasumbua watuambie wamefika. Kazi yenyewe ni kusumbua watu. Nilikuwa karani wa shule, kwa hiyo nilikuja nimeshafunzwa.

Siku ya kwanza nilipanda ngazi zile nikiwa nimevaa buibui jipya, nasoma dua kila hatua. Simu ikalia. Niliipokea kichwa chini. Mama mmoja akaniuliza kama boti ya abiria ya Mtangawanda imeshaondoka. Nikamwambia hii si laini ya abiria, ni ya watu walio katika hatari. Akasema, "Mimi pia niko hatarini, nina harusi. Hapo ulipo huioni?" Nikachungulia dirishani. Niliiona. Nikamwambia bado haijaondoka. Kosa langu hilo, kwa sababu mama yule aliwaambia wenzake, na mpaka leo Pate nzima inaamini kwamba kuna mwanamke juu Langoni ambaye kazi yake ni kutazama boti za abiria.

Wiki hiyohiyo mgeni wa hoteli moja ya Shela alilala juu ya godoro lake la plastiki, upepo ukamsukuma nje kidogo. Tulipigiwa simu mara saba. Boti nne zilitoka, moja ikiwa na mpishi ndani yake amevaa aproni. Mgeni alirudishwa akiwa bado amelala. Siku mbili baadaye tulipata watu walioharibikiwa kweli, nikapiga kwa wale wale wenye boti. Mmoja akaniuliza ni wageni wa hoteli gani. Nilitamani kupita ndani ya simu nimfinye sikio.

Aliyenifundisha kazi ni Bwana Athman, mzee aliyekuwa mtu wa redio kwenye meli za mizigo, mfupi, mkali, mwenye kikohozi alichokitumia kama kengele. Hakunisifu hata siku moja. Nilipoandika kwa wino alikohoa, akaninyang'anya kalamu na kunipa penseli, kwa kuwa mahali pa mtu baharini hubadilika kila saa na wino haufutiki. Nilipomwambia mpigaji asijali, alikohoa mpaka nikakata simu. "Mtu aliye majini ukimwambia asijali, atajua hujamsikia," akasema. "Muulize aona nini." Tena usiulize wako wapi, maana wangejua wasingepiga. Uliza wanaona mawimbi meupe au hapana, uliza maji yana rangi gani, uliza jua linampiga shavu lipi. Waambie wachague mtu mmoja wa kushika simu, wazime nyingine zote, na mpatane saa ya kupiga tena. Na simu ya kawaida ikishika mtandao, hawako mbali na nchi kavu, hata kama wenyewe wanaapa kwamba hawaoni kitu.

Ramani yetu, ile mliyoifunika nailoni mpya bila kuniuliza, ni yake. Alikuja nayo kwapani, akaibandika kwa gundi ya miti, ndiyo maana haing'oki. Msijaribu kuing'oa.

Halafu kuna fomu. Wenzetu wa ng'ambo waliotusaidia kuanzisha laini walituletea fomu ya kurasa tano. Inauliza hali ya moyo ya mpigaji, uchague moja hadi tano. Niliwahi kumuuliza kijana mmoja aliyekuwa anateka maji ndani ya boti kwa kiatu chake. Aliniuliza kama mimi ni mzima. Tangu siku hiyo ukurasa ule najaza mwenyewe, na kila mtu ninamwekea tano. Kwa nini? Kwa sababu sijapata kuambiwa tano ni nzuri au mbaya.

Sasa niwaeleze kesi ambayo huwa mnaniuliza nami huwatuma mkalete chai. Bwana Athman alikuwa ametangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa chumba.

Saa moja u nusu asubuhi alipiga msichana anayeitwa Hamdi. Alizungumza Kisomali, kwa hiyo Hodan ndiye aliyeshika simu, nami nikashika penseli. Walikuwa kumi na tisa, watoto watatu kati yao. Mashine ilikuwa imekufa tangu siku iliyopita, na mwenye boti alikuwa amechukuliwa na boti nyingine akisema anakwenda kuleta kipuri. Hawakuona nchi, kulikuwa na ukungu. Waliona mawimbi yakivunjika upande mmoja, na mvuvi mmoja alikuwa amewapa maji akaenda zake. Chaji ya simu ilikuwa inakwisha. Hodan akapatana naye apige tena saa nne.

Saa mbili kamili akapiga Bwana Lali kutoka gati la Mtangawanda, kisiwani Pate. Huyu ni mvuvi wa Siyu, mtu mzima, mcha Mungu, na kati ya wavuvi wote tuliowabembeleza miaka na miaka watupigie wakiona boti, yeye peke yake ndiye aliyekuwa akipiga bila kutaka kwanza kujua sisi ni wa chama gani.

"Bi Rukia, kuna watu nimewaona jua likitoka," akasema. "Boti haina mashine, wapunga nguo. Nimewapa mai yangu yote, dumu zima. Kuwavuta siwezi, mashua yangu ndogo, na nikionekana nao nitaambiwa mimi ndiye niliyewaleta."

"Umefanya wema, Bwana Lali. Wapi?"

"Nde. Nde ya Kiwayu, mbali," akasema, yaani nje ya kisiwa cha Kiwayu, kaskazini mwa Pate.

"Upande upi?"

"Ndia ya kwendea Kiunga. Wahini, wana watoto."

Nikaandika Kiwayu. Nikampigia Sajini Wanjala, mtu wa Bungoma aliyekuwa akisimamia boti ya serikali siku zile, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu boti ile iliondoka nusu saa baada ya kuombwa. Mafuta yalikuwepo, dereva alikuwepo, ufunguo ulikuwepo. Nilimpa Hodan tende mbili, nikala nne.

Saa nne Hamdi akapiga. Hodan alisikiliza, uso ukambadilika. "Anasema wameona boti kubwa ya kijivu imepita mbali, kama lisaa limoja hivi limepita. Wamepiga kelele, wamepunga, haikugeuka. Ikaenda tu juu kaskazini." Akaweka mkono kwenye simu. "Bi Rukia, hiyo si ni ya Wanjala?"

Ilikuwa ya Wanjala. Saa tatu alikuwa hajavuka hata Pate. Kama walimwona akipita, basi hawakuwa Kiwayu wala karibu na Kiwayu. Walikuwa nyuma yake, nje ya Pate, naye anazidi kuwaacha.

Nikampigia Bwana Lali. Simu imezimwa. Nikapiga kwa mwenye duka la barafu pale gatini, akasema Bwana Lali amelala, amekesha baharini. Nikamwambia akamwamshe. Akasema si adabu. Nilimwambia maneno ambayo karani wa shule hatakiwi kuyajua, akaenda. Tulimpata karibu saa tano.

"Bwana Lali, wale watu hawako Kiwayu."

"Mai yamewavuta."

"Jua lilipotoka uko nao, saa mbili uko Mtangawanda na samaki wako. Kutoka Kiwayu? Kwa mashine ile yako inayokohoa?"

"Nimeitengeza."

"Haya. Sema wallahi."

Nilisikia watu nyuma yake wakivunja barafu.

"Sema wallahi uliwaona Kiwayu," nikarudia, "nami sitakuuliza tena mpaka nife."

"Bi Rukia," akasema kwa sauti ya chini, "wataka kuniharibia."

Ninyi mliokuja kutoka bara mtashangaa, na mnayo haki. Mwamba wa samaki una mwenyewe. Hakuna karatasi, lakini una mwenyewe. Baba humwonyesha mwanawe mmoja, akiisha kuwa mtu wa kufunga mdomo: panga mnara huu na mnazi ule, kisha ule mlima wa mchanga ufiche hiki, ndipo utupe nanga. Mvuvi huondoka kabla watu hawajaamka na kurudi kwa njia ya mzunguko. Ukimuuliza alikovua atakutajia upande mwingine wa dunia, nawe utaitikia, na hakuna atakayekuita mwongo wala mjinga. Kumuuliza mara ya pili ni kama kumwomba akufungulie sanduku la mkewe. Na Bwana Lali aliwakuta watu wale juu ya mwamba wa babu yake. Aliwapa maji yake yote. Aliacha kuvua na kukimbia mpaka gatini awaombee msaada. Halafu akadanganya mahali, kwa mazoea tu, kama mtu anavyofunga mlango nyuma yake.

"Watu kumi na tisa, Bwana Lali!"

"Nayua. Niliwahesabu."

"Basi ni wapi?"

"Siwezi kukwambia kwa simu. Kuna watu hapa." Akavuta pumzi. "Nitakwenda nao mwenyewe. Boti ya serikali na iye inipakie, niwapeleke. Lakini ile mashine yao huandika ndia. Waizime."

Nilimpigia Sajini Wanjala, ambaye alikuwa amezunguka Kiwayu yote na kukuta ndege tu. Nikamwomba arudi Mtangawanda amchukue mtu. Aliuliza mafuta nani atajaza. Nikamweleza habari ya mashine.

"Madam, hiyo GPS ni ya serikali. Siwezi zima."

"Basi ifunike."

"Kufunika haisaidii. Itarekodi tu hata ikifunikwa."

"Sajini, wewe wajua hilo, na mimi najua. Yeye hajui. Funika!"

Akaifunika kwa koti lake la mvua. Bwana Lali alipopanda, alilitazama koti, akaketi. Baadaye Sajini aliniambia kwamba safari nzima mzee yule hakusema ila "kulia" na "kushoto", na alipofika karibu alifumba macho kama anayesoma.

Waliwafikia saa nane na dakika kadhaa. Walikuwa kumi na wanane.

Kaka yake Hamdi, kijana anayeitwa Liban, alikuwa amesema boti ile ya kijivu haikuwaona kwa sababu wako chini sana, mawimbi yanawaficha. Maji yalikuwa yanakupwa, na fungu la mchanga likaanza kutokeza kando ya mwamba. Akasema ataogelea mpaka pale, asimame juu, apunge shati, ili ikirudi imwone. Alichukua dumu tupu la Bwana Lali alikumbatie lisaidie kuelea. Wenziwe walimwona mpaka kwenye mawimbi meupe. Dumu lilitokea upande wa pili.

Nilivuka kwenda Mtangawanda na Hodan. Walikuwa wameketi kwenye kivuli cha ghala, wamepewa uji, watoto wanalala. Hamdi alikuwa msichana mdogo kuliko sauti yake. Hakulia. Alimwambia Hodan neno, na Hodan akasita kulitafsiri, nikamwambia atafsiri.

"Anauliza kwa nini boti ilipita."

Bwana Lali alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwetu, lile dumu mkononi.

Sasa sikilizeni, kwa kuwa hili sijamwambia mtu katika laini hii, na hasira zangu zote mnazozijua zimeanzia hapo. Bwana Lali huapa. Humjui mtu anayeapa kama yeye. Akikwambia chai ina sukari ataapa, akikwambia yeo ni Jumatatu ataapa. Asubuhi ile aliponiambia Kiwayu hakuapa, na mimi nilisikia kwamba hakuapa. Penseli yangu ilisimama. Mimi ni binti wa mvuvi, marehemu baba yangu alidanganya mwamba wake mpaka kwa mama yangu. Nilijua kama ninavyolijua jina langu kwamba mtu huyu hakutoka Kiwayu. Kisha nikaona haya kumuuliza mara ya pili mtu mzima wa heshima, nikaandika, nikala tende. Nikakaa nalo kwa muda wa saa mbili nzima. Watu huniuliza kwa nini sikumchukia Bwana Lali. Nimchukie kwa lipi? Yeye alificha mwamba. Mimi nilificha kwamba nimejua.

Nikamwambia Hodan, "Mwambie boti ilipita kwa sababu mimi niliiandikia mahali pasipo."

Hodan akanitazama. Nikamwambia atafsiri kama nilivyosema. Akatafsiri. Hamdi alinitazama muda mrefu, kisha akaomba maji.

Kesho yake Bwana Lali alifanya jambo ambalo wavuvi wa Siyu wanalizungumza mpaka sasa, kila mmoja kwa namna yake. Aliwakusanya wenye mashua wote gatini, akawaambia, "Nifuateni," akawaongoza mpaka juu ya mwamba wake mchana kweupe, mashua moja nyuma ya nyingine, kumtafuta Liban. Walitafuta siku nne. Hawakumwona. Alama za mwamba ule sasa anazijua kila mwenye nyavu, na Bwana Lali huja Langoni kila mwezi kunilalamikia kwamba wamemaliza samaki, utadhani mimi ndiye niliyewala. Namwachia alalamike. Alipokuja mara ya kwanza alikwenda moja kwa moja kwenye ramani, akachukua penseli na kutia nukta mwenyewe. Msiifute.

Wengine mmeniambia, kwa upole wenu wa kisasa, kwamba ninawahoji wavuvi kama polisi. Naam. Mvuvi akitaja mahali, muulizeni tena. Muulizeni saa aliyotia nanga, saa aliyofika, ana samaki gani. Akikasirika akasirike. Akisema mnamkosea heshima, mwambieni Bi Rukia ndiye aliyewatuma, aje anitukane nyumbani, chai ipo.

Na sasa lile lililonifanya nikubali daftari hili. Kila Ijumaa, watu wakishatoka msikitini, simu ya pili italia. Ni Hamdi. Aliko sasa si kazi yenu kujua. Anafanya kazi, ana mtoto, Kiswahili amejifunza. Hatawasalimu sana. Atauliza, "Yuko?" Msimwambie mnafuatilia. Msimwambie Mungu ni mkubwa, hilo analijua kuwashinda. Msimuulize moja hadi tano. Mwambieni hapana, hajaonekana, kisha nyamazeni, na msikate simu mpaka akate yeye. Mara nyingine hukaa dakika nzima. Kaeni naye.

Ijumaa iliyopita nilimwambia kwamba mimi naondoka, atapokewa na sauti nyingine. Aliniuliza swali ambalo hajapata kuliuliza: huyo atakayepokea, atalijua jina la kaka yangu? Nikamjibu kwamba kila mmoja wenu analijua. Nimekwisha kusema, na ninyi hamkuwa mmeambiwa bado. Ni Liban. Jifunzeni kabla ya Ijumaa.